Paka Juu ya Kaburi la Rajabu

"Haya yote ni kweli tupu, wallahi. Nikiongopa neno moja, ulimi wangu ukauke kama ngozi ya mbuzi juani."

Ndivyo kilivyoanza kitabu cha Mzee Kibwana, na mwenyewe alikipenda kiapo hicho kuliko kurasa zote zilizofuata. Alikuwa tarishi mstaafu wa ofisi moja ya serikali pale Lushoto. Darasani hakukaa hata siku moja. Kusoma alijifundisha kwenye bahasha alizokuwa akibeba. Jina la kitabu lilijaza mistari miwili ya daftari: Mila za Wajapani Kama Zionekanavyo Katika Picha Zao za Kuchora Zinazotembea.

Mwaka ule wa sabini na tatu alikuja kijana wa Kijapani, Bwana Nagase, kufundisha kilimo cha mboga kwenye matuta ya kijiji. Jumamosi saa kumi alileta mashine ya sinema, madirisha ya ukumbi wa ushirika yakazibwa kwa mablanketi, na watu wakatazama watu wa kuchorwa wakitembea na kusema. Walisema Kijapani. Bwana Nagase naye alikuwa na maneno arobaini ya Kiswahili, mengi yakiwa ya kabichi. Kwa hiyo Kibwana ndiye aliyesimama kando ya shuka ya kuonyeshea picha akatafsiri.

"Kijapani umekijulia wapi wewe?" aliuliza Nathanaeli, fundi cherehani, ambaye hakumwamini Kibwana hata akitoa salamu.

"Bama, kule Asia, tulipopigana na Wajapani. Walinikamata, nikakaa nao miezi tisa. Chai yao nimeinywa mpaka nikakojoa kijani!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Kila picha Kibwana aliiandika: kwamba Wajapani huvua viatu mlangoni kama sisi msikitini, kwamba huinama badala ya kupeana mikono, kwamba kwao macho yao ni makubwa kama visahani, ila wakipanda meli husinyaa kwa chumvi.

Ukweli ni kwamba wakati wa vita alikamatwa kweli, lakini na serikali, akapelekwa kukata mkonge huko chini Magoma. Kila asubuhi aliiona milima ya kwao kwa macho.

Mtu mmoja hakuwahi kufika sinema: Bi Mwanamwema. Saa kumi ilikuwa saa ya basi la kutoka Mombo, na kwa miaka thelathini alikuwa akisimama stendi kutazama sura za wanaoshuka. Mumewe, Rajabu, alipelekwa vitani Bama. Barua ya serikali ilisema haonekani, haikusema amekufa. Shehe alishamwambia mara nyingi kwamba sheria inamruhusu akae eda, aolewe. Jibu lake lilikuwa moja: "Nani aliyeliona kaburi?"

Asubuhi moja alipita kibarazani kwa Kibwana. Wazee watano walikuwa wakisikiliza sura ya nne ya kitabu chake.

"Shikamoo, kaka Kibwana."

"Marahaba, dada."

"Nasikia ulifika Bama. Rajabu wangu hukumwona?"

Angeweza kusema hapana. Lakini wazee walikuwa wamemgeukia wote, na Nathanaeli ameinamisha kichwa upande kama anayekagua pindo.

"Nililiona kaburi lake," akasema Kibwana.

Akampa kaburi zima: jiwe la kijivu lililosimama, mwanamke wa Kijapani akilimwagia maji kwa kata ya mti, kibakuli cha wali, vijiti vya udi vinafuka. "Na juu ya jiwe hulala paka mweupe, mkia umekatika nusu. Haondoki. Wanasema anamlinda."

Bi Mwanamwema hakulia. Aliuliza tu, "Anamlinda?" Kisha akaenda kwake, akavua bangili, akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu. Viazi vyake vikamezwa na magugu. Basi la Mombo likawa linafika bila mtu wa kulitazama. Kibwana akaongeza sura ya "Maziko", akaiona nzuri kupita zote. Nimempumzisha, alijiambia, na karibu aamini.

Alipotoka eda, Jumamosi ya kwanza, Bi Mwanamwema alikuja ukumbini. Alitaka kuwaona watu waliomzika mumewe. Akakaa mbele kabisa. Kumbe siku hiyo watoto walikuwa wamemwomba Bwana Nagase arudie ile ya paka, aliyowahi kuwaonyesha wao tu na Kibwana.

Kibwana aliitambua tangu ule mlima uliochorwa mwanzoni. "Jamani, mashine leo mbovu," alisema, "tuahirishe." Hakuna aliyemsikia.

Jiwe. Kata. Wali. Vijiti. Paka mweupe akaruka juu ya jiwe, mkia nusu, akafungua mdomo na kusema maneno marefu.

"Tafsiri basi, mzee! Paka anasemaje?"

Kibwana akafungua mdomo wake. Ulimi ulikuwa mkavu.

Bi Mwanamwema akasimama, kivuli chake kikaifunika shuka. Hakumtazama Kibwana. Alimgeukia Bwana Nagase, ambaye Kiswahili sasa alikuwa nacho.

"Mwanangu, kaburi hili liko Bama?"

"Hapana, mama. Haliko mahali popote. Limechorwa tu, hadithi ya watoto."

"Na paka?"

"Paka pia, mama."

"Kibwana," akaita Nathanaeli kutoka gizani, "Bama ulifika?"

Kibwana akautazama mlango.

"Kibwana!"

"Magoma," alisema. "Nilikata mkonge."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Mwanamwema, daftari kwapani, tayari kulichana mbele yake. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Daftari la nini? Mimi kusoma sijui."

"Basi nikulipe nini, dada?"

"Nilikaa ndani kwa ajili ya kaburi lako miezi minne na siku kumi. Kakae na wewe. Kibarazani usitoke, mtu usimsimulie. Ukimaliza, hatudaiani."

Akaenda kwake, akaingia ndani. Wazee walipita wiki ya kwanza, wakabisha hodi. Salamu aliitikia, zaidi ya hapo hakuna. Kibaraza wakakirithi kuku.

Dirisha lake lilitazama stendi. Saa kumi basi la Mombo lilipanda kona ya mwisho likipiga honi, na Bi Mwanamwema alikuwepo, amejitanda kanga, akitazama sura moja moja mpaka utingo alipofunga mlango.

Siku ya kwanza Kibwana alifunga dirisha. Siku ya pili akalifungua, kwa kuwa aliona hiyo nayo imo katika malipo. Alikuwa amebakiza miezi minne na siku nane.