Mgongo wa Injinia Mamduh

…na jezi ile ile tena, ya rangi ya chungwa, iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamume mwembamba aliyekwisha kufa zamani ndani ya Injinia Mamduh, maana kila Ijumaa lazima aivae na kila Ijumaa lazima ipande kidogo kidogo mpaka nyama ya kiuno ichungulie barabara, na Mirvat aliye nyuma yake, tairi lake la mbele likikaribia kulibusu la nyuma la Injinia, hana pengine pa kutupa macho, kushoto mlima, kulia bahari, mbele mgongo, kilomita thelathini na saba tangu wageuze baiskeli Zaafarana kurudi kaskazini, na zote amezisoma kwenye mgongo huu kama mtu aliyefungiwa chumbani na gazeti moja la juzi, jasho limechora chumvi chini ya kwapa, chumvi imetanuka, sasa imefika ubavuni, sasa ina umbo la nchi, nchi isiyo na serikali… “Shimooo!” anapiga kelele Injinia, kidole cha mkono wa kushoto kikichoma chini, shimo, utadhani watatu walio nyuma yake ni vipofu walioletwa kwa hisani, shimo lenyewe lipo pale tangu mwaka juzi, kila Ijumaa wanalipita na kila Ijumaa linatangazwa upya kama mwandamo wa mwezi, na bado hajaimba, Mungu atusitiri, ataimba akishakula, na atakula sasa hivi, ndiyo, mkono unarudi nyuma, unapapasa mfuko wa jezi, unatoka na mkate wa halua uliofungwa kwenye gazeti, halua! mtu anajiandaa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, kilomita mia moja na kumi na tatu kwa siku moja, naye anakula mkate wa halua kama mtoto wa darasa la kwanza anayesubiri kengele, “Kipande, kapteni?” anauliza akiunyoosha nyuma bila kugeuka, makombo yakimrukia Mirvat kwenye miwani, “Ahsante, Injinia, nina changu,” na changu ni vifuko vitatu vya asali na chumvi alivyovipima mwenyewe kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu, kwa sababu kuna watu wanaojiandaa na kuna watu wanaojifurahisha, na Mirvat Abdulmuhsin, mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na sita ya umri na kumi na tisa ya kusahihisha mitihani ya taifa, anajua kumpa kila mtu haki yake: Mamduh, muuza lifti, kumi na mbili kati ya hamsini, na nne kati ya hizo ni za mahudhurio, Tamir wa benki aliye nyuma yake, mwenye magurudumu ya bei ya nyumba ya vyumba viwili na miguu ya bei ya kuku wa sokoni, kumi na tano, Nivin wa mwisho, mfamasia, anayesimama kila penye mandhari ajipige picha akijifanya anatazama mbali, tisa, na tisa yenyewe ni huruma… “Saa yangu inasema nimepata usingizi mzito dakika arobaini tu,” Tamir analalamika huko nyuma, “arobaini, Nivin, unaamini?” “Kwani wewe mwenyewe hukuwepo ulipokuwa umelala?” anajibu Nivin, na hilo ni jibu zuri, haya, kumi, lakini huyu Tamir hawezi hata kulala bila kupewa maksi, na hawa ndio wenzake, Mungu aligawa riziki na marafiki siku moja na kwenye foleni ya marafiki yeye alichelewa, hakuna hata mmoja wao anayeandika, hakuna, wanajiendea tu kama ng'ombe wa mnadani, ilhali yeye tangu Oktoba kila Ijumaa ameandika kwenye daftari la miraba, umbali, mwendo, upepo umetoka wapi, tarakimu mbili baada ya nukta, na daftari halina kujipendekeza: thelathini nukta mbili sifuri, thelathini na moja nukta moja tano, Ijumaa iliyopita kilomita thelathini na mbili kamili kwa saa, dhidi ya upepo huu huu wa kaskazini unaozungusha mapanga ya mitambo ya umeme kule walikotoka, mwanamke wa umri wake, na kabla ya mashindano siku zimebaki kumi na tisa, na huko Dumyat mama ameshaupiga pasi mtandio mweupe, Hajja Rawhiya wa miaka themanini na moja, asiyekubali kutolewa nyumbani hata kupelekwa kwa daktari, amesema ataletwa kwa gari mpaka huku kwenye Bahari ya Shamu na ataketi penye mstari wa mwisho mpaka binti wa Abdulmuhsin atokee, “Baba yako alitoka majini nikiwa nimesimama ufukweni, wewe utanikuta nimekaa, tofauti ni magoti tu,” na Mirvat alicheka kwenye simu lakini hakulala usiku ule, kwa sababu mama hasemi mambo ya kusema tu, na kwa sababu ile habari ya baba yeye ndiye anayeitunza, Agosti kumi na nne elfu moja mia tisa sitini na sita, si kumi na tano kama wanavyosema binamu zake, aliogelea kutoka Ras al-Bar, kilomita kumi na nane za bahari wazi, si ishirini, watu hupenda kuzungusha namba kama wapikaji wavivu wanaokisia chumvi, kumi na nane kwa saa saba na dakika ishirini, na medali iko kabatini kwake, na picha iko ukutani kwake, na jina la studio limeandikwa nyuma kwa mkono wake…

“Mwalimu!” Tamir tena, upepo unamkata maneno vipande vipande, “…umesoma waraka wa waamuzi?” “Nimesoma.” “Mita kumi na mbili, Mwalimu! Ukimkaribia wa mbele yako zaidi ya hapo, kadi, dakika tano umesimamishwa kama mkorofi wa darasa, ukirudia wanakutoa! Siku ile hakuna mgongo wa Injinia, kila mtu na upepo wake!” “Mimi nitaukodisha!” anadakia Injinia, mdomo umejaa halua, “mgongo kwa saa, bei ya mwenyeji na bei ya mtalii, Nivin nitamfanyia ya mtalii!” “Mtalii nani, mimi mwenyeji, mzaliwa wa Shubra, nitakuvunjia hiyo baiskeli!” na wanacheka, wanacheka watu wazima wanne, watatu, yeye hacheki, kila mtu na upepo wake, bila shaka, yeye aliusoma waraka huo tangu Januari, ibara ya saba, aliipigia mstari kwa rula, na alipoipigia mstari alimfikiria nani, alimfikiria Tamir, akasema moyoni, haya, sasa wajanja wataonekana, siku hiyo anayejificha nyuma ya wenzake atavuliwa nguo hadharani… mita kumi na mbili, na sasa hivi ni ngapi, chini ya moja, na Ijumaa iliyopita, chini ya moja, na ile ya mvua ya Desemba, chini ya moja, mgongo ulimrushia matope na akauchukia kwa matope hayo, na ya kwanza kabisa, Oktoba, Injinia alipouliza hapa hapa kwenye barabara hii, “Jamani, tunapokezana vipi mbele, nani anashika zamu?” na yeye, ni yeye, hakuna mwingine, aliyesema, “Wewe una mwili, Injinia, tukingie,” wakacheka, na Injinia akacheka kuliko wote, “Haya, mwili nao upate kazi,” na zamu haikutajwa tena, miezi sita… daftari lina safu ya umbali, safu ya mwendo, safu ya upepo, halina safu ya nani yuko mbele, upepo wa kaskazini ameuandika kila wiki kwa wino wa buluu, na haukuwa wake, aliuandika kama mtu anayeandika habari za mvua akiwa chini ya mwavuli wa mwingine, na mwanafunzi anayeacha kigezo kimoja nje ya hesabu yeye humpa nini, sifuri, humpa sifuri hata kama mwandiko unapendeza, hasa kama mwandiko unapendeza… lakini ngoja, si lazima iwe hivyo, miguu ni miguu, pedali nani alizizungusha, mgongo haukumsukuma, na hapo, bila kuitwa, kikaja kiwiko, kiwiko cha mwanamume, mkono wa shati umekunjwa, kiganja kimeshika kasia, upande wa kushoto wa picha ya baba, kwa sababu picha ilikuwa pana kuliko fremu na ilibidi sentimita mbili ziondoke, naye alipima kwa rula na kukata kwa wembe, mkato safi, akaandika nyuma tarehe na studio na majina ya walioonekana, yaani jina moja, na kiwiko kilikuwa cha baba mdogo Fathi, seremala, aliyepiga makasia kando ya ndugu yake saa saba na dakika ishirini zile zile, si dakika moja pungufu, na hakuna aliyemhesabia, na siku ya tatu ya msiba wa baba, mzee yule alikaa kwenye kiti chake akasema, bila kuulizwa, “Upepo ulitoka kaskazini-magharibi siku ile, mashua niliiweka upande huo toka alfajiri, hakupata wimbi usoni hata moja, ndugu yangu,” na Mirvat akammiminia kahawa chungu akisema “Mungu akupe umri, baba mdogo,” kwa ule upole anaoutumia kwa wazazi wa wanafunzi wazito, maana alidhani mzee anaomba fungu lake kwa maiti, wivu wa uzeeni, maskini, na mzee akanywa kahawa, akaondoka, na mwaka uliofuata akafa… basi, basi, jambo la kupimika hupimwa, hakuna haja ya maneno, na Mirvat anaacha kukanyaga, pedali mbili, tatu, mgongo wa chungwa unasogea mbele, baiskeli moja ya nafasi, mbili, nne, na ghafla kuna barabara, kuna lami mbele yake yenye nyufa na mchanga uliolala kwa milia, na upepo unamkamata kifuani kama mlango uliofungwa, hakuujua, miezi sita katika barabara hii na hakuujua, unaingia kwenye kofia, unaingia mdomoni, anakanyaga kwa nguvu zote na kidude kilicho kwenye usukani kinasema thelathini, ishirini na sita, ishirini na mbili, mapaja yanawaka, kumi na tisa, kinabaki hapo kumi na tisa, na gurudumu la mbele linadumbukia kwenye shimo ambalo hakuna aliyelitangaza, meno yanagongana, na kichwa, ambacho hakijui kuacha, tayari kinafanya hesabu, kilomita arobaini na tano za kwenda na upepo mgongoni, tuseme thelathini na nne kwa saa, saa moja na dakika kumi na tisa, arobaini na tano za kurudi kwa mwendo huu, saa mbili na dakika ishirini na mbili, jumla saa tatu na dakika arobaini na moja, na waamuzi wanatoa saa tatu na nusu, baada ya hapo wanakuvua namba kifuani na kukupandisha kwenye basi dogo pamoja na wenzio walioshindwa, basi lenye mapazia, litakalopita polepole penye mstari wa mwisho kwa sababu hakuna njia nyingine, na kwenye kiti cha plastiki mtandio mweupe uliopigwa pasi utageuka kulifuata, dakika kumi na moja, jibu ni dakika kumi na moja za kuchelewa, alikosee nani, limetoka sawa mara mbili… “Mwalimu, vipi, umepata pancha?” Tamir anamkaribia ubavuni, anashangaa kweli, uso wake hauna dhihaka, na hilo ni baya kuliko dhihaka, “Hapana,” “Basi mbona…” “Hakuna kitu, Tamir,” na huko mbele, mita kumi na tano, Injinia Mamduh hajageuka, hajaambiwa, lakini miguu yake mizito imeacha kuzunguka, amenyanyuka kidogo kwenye kiti, jezi imepanda, nyama ipo pale pale, anaelea tu juu ya baiskeli akingoja, jinsi mtu anavyojua gizani kwamba mtoto hayupo kitandani, na mgongo unarudi, mita nane, tatu, moja, na upepo unakatika mara moja kama bomba lililofungwa, na kidude kinaanza kupanda tena, ishirini na tano, ishirini na nane, bila yeye kufanya lolote, hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote, bila yeye kufanya lolote, na katika ukimya huo aliopewa anasikia kitu alichokisikia miezi sita na kukiita unene, pumzi ya Injinia, inaingia kwa mluzi na kutoka kwa mguno, kila pedali mguno, si unene, ni kazi, mtu wa miaka hamsini na mitatu anapasua upepo kwa watu wanne na bado kifua chake kinatafuta nafasi ya kupiga kelele, “Mchanga kulia! Kulia jamani!” na Mirvat anauona mchanga ukipita kando ya tairi lake, angeukanyaga, asingeuona… anaweza kwenda mbele, ndiyo, asogee kushoto sasa hivi aseme zamu yangu, na wote wataona ile kumi na tisa, Tamir ataiona kwenye saa yake, Nivin ataipiga picha, na anabaki, anakanyaga, anabaki, macho kwenye ile ramani ya chumvi, na aibu inapanda kutoka magotini kama maji ya mtu anayeingia baharini taratibu, “Uko, kapteni?” anauliza Injinia bila kugeuka, “Niko,” na lingeishia hapo, siku zote huishia hapo, lakini mdomo wake, uliokauka kwa upepo wa dakika mbili tu, unafunguka tena, “Injinia… punguza kidogo. Siwezi,” na Injinia anapunguza, mabega yake yanashuka kana kwamba mtu amempokea mzigo, anavuta pumzi ndefu, moja, mbili, “Ala!” anasema, “si ungesema tangu Zaafarana, dada yangu, mimi mwenyewe nakufa hapa,” na anafuta jasho kwa kiganja na kuendelea kukanyaga, mbele, upande wa upepo, na barabara ni ile ile, kushoto mlima, kulia bahari…