Nyaya Nene za Volti Sita

Jeep yangu ni ya mwaka hamsini na mbili na betri yake ni ya volti sita. Watu wengi hapa Quindío, mkoa wetu wa kahawa milimani, wameshabadilisha za kwao zikawa za volti kumi na mbili, na kila mmoja wao amewahi kunishauri nifanye hivyohivyo. Huwa namsikiliza mtu mpaka mwisho, kisha namuuliza kama anajua volti ni nini. Mazungumzo huishia hapo.

Shida ilianza na zawadi. Nyaya za zamani za betri zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani, na mke wangu Nubia, bila kuniambia, alishuka mji mkubwa wa Armenia kwa basi, akaingia duka la vipuri, akarudi na jozi mpya ndani ya mfuko unaong'aa: mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Nilizifunga palepale, kabla hata ya keki.

Tangu hapo stata, ile mota ya kuwashia injini, ikawa inazunguka kama mtu aliyetoka harusini alfajiri. Mchana injini iliwaka kwa kubembelezwa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado uko chini, haikuwaka kabisa. Nikiwa nyumbani niliweza kuiegesha mtelemkoni na kuiachia ijitelemkie yenyewe, lakini uwanja wa mji, pale jeep zinapopanga foleni kungoja abiria, ni tambarare kama meza.

Anayepanga zamu uwanjani ni Mama Rubiela. Ana filimbi shingoni na hapendi kurudia neno. Jumanne alinijia dirishani.

"Mzee Arcesio, uliziba njia tena jana. Wanaume wanne walikusukuma mpaka duka la dawa."

"Watatu. Wa nne alikuwa anacheka tu."

"Nakuheshimu, umri wako ni wa baba yangu. Lakini mavuno yameanza, watu wana mizigo. Jumamosi ya soko, kama hii kitu haiwaki yenyewe hapa uwanjani, bila kusukumwa, zamu ya njia ya La Cuchilla nampa dereva mwenzako Wilmar. Jeep yake unagusa kwa kidole tu, inawaka."

"Jumamosi itawaka."

"Naombea hivyo. Sina furaha kukwambia haya."

Njia ya La Cuchilla nimeiendesha tangu ilipokuwa ya nyumbu. Ukinyang'anywa zamu huipati tena, maana anayepewa naye ana watoto. Na jeep isiyo na zamu najua inapoishia. Kuna moja kwa jirani yangu wa chini, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Alasiri ile nilifungua zile nyaya nikaziweka juu ya meza ya jikoni. Nubia alikuwa anageuza arepa, mikate yetu ya mahindi. Nikachukua kisu, nikaupasua ule mwekundu kwa urefu.

"Arcesio! Umekata zawadi yangu?"

"Sijaikata. Nimeipasua."

"Kuna tofauti gani?"

"Njoo uone."

Kwa nje waya ulikuwa mnene kama kidole gumba. Ndani, shaba ilikuwa nyembamba kuliko penseli. Unene wote ule ulikuwa mpira. Nubia aliugusa, akaugeuza.

"Yule kijana wa dukani aliniambia huu ni mzito. Nikamwambia gari ni la volti sita, akasema basi hata huu umezidi, sita ni nusu tu."

"Hapo ndipo wanapokosea wote. Sita inataka waya mnene zaidi."

"Umeanza."

"Ngoja nikueleze. Nyumbu mwenye nguvu anashusha magunia mawili ya kahawa, nyumbu dhaifu anashusha moja. Kahawa ni ileile, kwa hiyo wale dhaifu lazima wawe wengi mara mbili. Na njia iwe pana mara mbili, la sivyo wanabanana kwenye kona, wanasuguana, wanapata joto, na mzigo haufiki."

"Kwa hiyo betri yako ni nyumbu dhaifu."

"Ni nyumbu wa zamani."

"Mwaka kesho nakununulia shati," alisema, akarudi kwenye arepa zake. Lakini aliniwekea ya kwanza, yenye siagi, na mimi nikajua tumeelewana.

Haya ya volti niliyasoma shule ya jioni, Armenia, nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Mwalimu alituambia umeme hauonekani, kwa hiyo anayeushika lazima afikiri. Neno hilo nimelishika mpaka leo.

Nilikuwa na kipande cha waya mzuri, shaba tupu, kilichotoka kwenye mota ya kinu cha miwa kilichofungwa zamani. Kilitosha waya mmoja. Nilianza na ule wa chanya, unaotoka betri kwenda kwenye stata, maana ndio mrefu.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka usafi. Nilimenya mpira kwenye ncha, nikasugua nyuzi za shaba kwa limau na chumvi mpaka zikarudia rangi yake. Duka la hapa halina vile vikono vya kufungia vya unene huo, kwa hiyo nilikata kipande cha bomba la maji la shaba, nikaingiza nyuzi zikajaa bila kubaki nafasi, nikakibana kwenye jiliwa, kisha nikakipiga nyundo mpaka bomba na waya vikawa kitu kimoja. Sehemu iliyobaki wazi niliilaza bapa, nikatoboa tundu la bolti. Upande wa betri nilitumia kile kibano cha madini ya risasi cha waya wa zamani, nikakichemsha kwenye maji ya magadi mpaka kutu ikaachia.

Ilipofika kuyeyusha lehemu, nilisogea kwenye jiko la gesi.

"Hapana," alisema Nubia. "Moshi huo si kwenye chakula changu. Nje."

Nikawasha mkaa uani. Lehemu ikayeyuka ikanyonywa ndani ya nyuzi, kama mkate unavyonyonya maziwa. Nikafunika kiungo kwa mpira wa tairi la baiskeli, nikakaza kwa uzi. Ulikuwa waya mzuri. Niliuning'iniza kidogo kwenye msumari ili niuangalie.

Jumatano asubuhi nilikanyaga stata. Ilizunguka vizuri zaidi, lakini haikutosha. Injini ilikohoa ikakata. Nikashuka, nikashika waya wangu mpya: baridi. Nikashika ule mweusi wa dukani, unaorudi kutoka bodi ya gari hadi betri: wa moto, karibu uniunguze. Umeme unaokwenda lazima urudi. Njia ya kwenda ilikuwa barabara kuu, na ya kurudi ilikuwa kichochoro.

Sikuwa na waya mwingine. Mwenye waya wa unene huo mjini kwetu ni mmoja tu, Gildardo, fundi wa kuchomelea vyuma, kaka yake Nubia. Mashine ya kuchomelea inataka waya wa nyuzi nyingi laini, mnene, unaopinda bila kuvunjika. Ndio wenyewe hasa. Lakini Gildardo ndiye aliyeanza kunisema habari za volti kumi na mbili, na hajapumzika tangu hapo. Alhamisi nzima nilitafuta kwingine. Niliuliza kwenye maghala ya chuma chakavu. Nilimuuliza hata fundi wa lifti wa hospitali. Ijumaa Nubia alinipa kofia yangu, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Karakana ya Gildardo iko kando ya daraja. Alikuwa anachomelea geti la mtu wa mikate, akainua kinyago chake.

"Shemeji! Umekuja kununua volti? Ninazo hapa nyingi, sijui niziweke wapi."

"Nimekuja kuomba waya."

"Kwa ile sita? Hata tochi ya mjukuu wangu ina zaidi."

"Tochi ya mjukuu wako ina tatu."

"Haya, mwalimu." Aliweka kinyago chini. "Dada yangu amekutuma?"

"Nimejituma."

"Ukiona umejituma, basi hali ni mbaya." Hakucheka tena. "Ni kweli Rubiela anampa Wilmar La Cuchilla?"

"Kesho, isipowaka."

Alinitazama, kisha akatazama mashine yake. Akavuta waya wake wa kuchomelea, akaupima kwa mkono, kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko.

"Unataka urefu gani?"

"Kama huo. Lakini ukikata hapo, hutafika getini."

"Sitafika. Nitasogeza mashine. Ya kwangu ina magurudumu na inasogea, si kama ya mtu fulani." Akachukua mkasi wa vyuma, akakata. "Mwambie Nubia nataka arepa za jibini. Na wewe uache kunisahihisha hesabu mbele za watu. Hata msibani, shemeji! Marehemu bado hajazikwa, unanisahihisha."

"Ulisema miaka themanini na tisa. Alikuwa na tisini na moja."

"Ondoka kabla sijauchukua tena."

Waya ule niliumaliza kabla ya chakula cha jioni. Sikuufunga kwenye bodi, ambako rangi na kutu huzuia. Niliufunga kwenye bolti ya gia boksi, baada ya kukwangua chuma mpaka kikameta.

Jumamosi uwanja ulijaa. Jeep yangu ilikuwa ya kwanza kwenye foleni, magunia ya mbolea juu, mikungu ya ndizi nyuma, abiria wameshapanda, wengine wamening'inia. Wilmar alikuwa nyuma yangu, injini yake ikinguruma tayari. Wanaume wa kibanda cha kahawa walisimama wakaanza kukunja mikono ya mashati.

"Kaeni," aliwaambia Mama Rubiela. Akaja mbele ya jeep, filimbi mkononi. "Haya, mzee."

Nikavuta choki ya injini. Nikakanyaga.

Stata ilikamata kama mkono wa kijana. Injini ikazunguka mara moja, mara ya pili, ikashika. Nyuma yangu mtu alipiga kelele. Mama Rubiela hakutikisika.

"Zima."

"Kwa nini?"

"Labda ni bahati. Zima uwashe tena."

"Mama, betri si ya kuchezea."

"Na abiria wangu je?"

Nikazima. Hata Wilmar akazima yake ili asikie. Nilijua hesabu yangu ni sahihi. Nikakanyaga. Ikawaka kabla sijainua kisigino.

Mama Rubiela alirudi nyuma hatua moja, akapuliza filimbi.

"La Cuchilla ni ya mzee Arcesio! Wilmar, wewe ni wa pili, tulia. Kuna nafasi ya mmoja, nani anapanda?"

Akapanda mwanamke mwenye bata mzinga, na bata akakataa kukaa chini, tukaondoka akiwa amesimama kati yangu na gia.