Mkono wa Kuazima

Elimringi, muuza maharage wa jumla pale Kariakoo, alikuwa na ujanja mmoja aliouonea fahari: vidonge vya presha alivimeza siku ya kliniki tu. Akipimwa, namba zimetulia, naye anatoka kifua mbele. Siku nyingine zote vidonge vilikaa kwenye droo ya duka, salama salimini.

Sasa moyo wenyewe ulikuwa umechoka. Daktari Sitara alitaka kutoa mshipa wa mkono wa Elimringi na kuupandikiza moyoni, damu ipate njia mpya.

"Ila mzee, presha ikimkaa mtu miaka mingi, mishipa yake inakuwa mikorofi," alimwambia. "Baada ya upasuaji huenda tukakupa dawa za kubana mishipa ili presha isianguke. Mshipa mkorofi unaweza kujibana kupita kiasi, moyo ukakosa damu. Niambie ukweli, presha yako imetulia kweli, au siku ya kliniki tu?"

"Mimi na presha wapi na wapi, daktari?"

Daktari hakuzaliwa jana. Akamfunga mkanda mkononi na kijimashine kiunoni, kimpime kila nusu saa mpaka kesho yake.

Mkanda ulipovimba mara ya pili akiwa dukani, Elimringi akapata wazo. Jirani yake Fikirini, muuza nazi, alikuwa Mzaramo mpole asiyepandisha sauti hata akiibiwa. Mtu baridi namna ile presha angeitoa wapi?

"Mswahili wee, niazime mkono mpaka kesho."

"Mangi, yaani nyie Wachaga mmeishiwa hadi mikono?" Fikirini akacheka, na mkono akautoa ufungwe mkanda. Walikuwa wametaniana miaka ishirini, hakuona sababu ya kumnyima.

Asubuhi Elimringi akauvaa tena ule mkanda, akaenda hospitali akipiga mluzi. Daktari alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Mia mbili na kumi kwa mia moja na thelathini. Hata usingizini haikushuka. Mzee, umefikaje hapa kwa miguu yako?"

Elimringi nusura acheke, halafu kicheko kikamkwama. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini saa hiyo hiyo Fikirini alikuwa anashusha magunia ya nazi juani. Hofu aliyoikwepa miezi yote ile kwa ajili ya moyo wake ikamshika, safari hii kwa ajili ya mwenzake.

"Daktari, huo haukuwa mkono wangu. Wangu ni huu hapa, na vidonge vimejaa droo."

Akapiga simu. "Fikirini, weka gunia chini. Kaa kivulini. Usinyanyue hata nazi moja."

"Mangi, umeanza kunihurumia? Basi kweli unaumwa."

"Nakuja kukuchukua na bajaji. Nakuomba, ndugu yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Fikirini akasema taratibu kwamba kichwa kinamgonga tangu Idi, ila aliona si vizuri kumsumbua mtu mwenye moyo mgonjwa.