Cherehani Iliyofunikwa Kitambaa cha Maua

Wengine hudanganya kwa maneno. Mama Vifungo alidanganya kwa picha. Miaka miwili mizima, kila alipomaliza gauni la mteja alilitundika mlangoni, akalipiga picha na kumtumia mdogo wake ughaibuni: "Cherehani yako hiyo, mdogo wangu, inachapa kazi!" Kumbe cherehani yenyewe, ya umeme, nyeupe pe, ilikaa pembeni mwa sebule imefunikwa kitambaa cha maua, na juu yake chombo cha maua. Magauni yote aliyashona kwa ile kuukuu yake ya kukanyaga.

Si kwamba hakuipenda. Aliiogopa! Kabla yake mdogo wake alikuwa ametuma blenda. Plagi ilikuwa na meno mawili bapa, na soketi za nyumbani zina matundu matatu. Mumewe, fundi wa kila asichokijua, akasokomeza kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, kama wafanyavyo wote mtaani, akayakandamiza yale meno chini. Blenda ikanguruma, ikafuka moshi, ikakata roho haijasaga hata nyanya moja. Ilipokuja cherehani yenye meno yaleyale, Mama Vifungo akaapa kuwa hii haimfii mikononi. Mdogo wake aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa uuguzi. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba zawadi yake imegeuka meza ya maua?

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mdogo mtu akapata mchumba, harusi ikapangwa kufanyika nyumbani, na simu ikaja.

"Dada, gauni langu ulishone kwa cherehani yangu, nami nikae pembeni. Kama enzi zile za cherehani ya mama, mimi nazungusha mpini, wewe umeshika kitambaa."

"Haya, mdogo wangu," akajibu, na usingizi ukamruka tangu siku hiyo.

Mgeni alifika Jumatano asubuhi na masanduku mawili na vicheko. Wakakumbatiana mpaka mtandio ukaanguka. Mama Vifungo alimtazama akipita karibu kabisa na kile kitambaa cha maua. Leo naumbuka, akajisemea.

"Ngoja nioge, nikaushe nywele, halafu tukae kwenye gauni," mgeni akasema.

Mama Vifungo alikuwa bado anatafuta pa kuanzia aliposikia sauti kutoka chumbani: "Dada, kalamu yenye kifuniko nimeiona!"

"Kalamu ya nini?" Mara akili ikamjia. "We mtoto, usithub..."

Paa! Taa zikazimika, feni ikasimama. Bibi harusi mtarajiwa akatoka, nywele nusu zimelowa nusu zimesimama, mkono mmoja umeshika mashine ya kukaushia nywele inayofuka moshi, mwingine umeshika kalamu isiyo na kifuniko.

"Miaka sita ughaibuni, na akili bado ni za kalamu!" Mama Vifungo akapiga kelele, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Katikati ya kicheko machozi yakamtoka Mama Vifungo. Akakiondoa kile chombo cha maua, akavuta kitambaa.

"Nimekudanganya. Haijawahi kushona hata pindo. Niliogopa kuiua kama blenda."

"Kwani blenda nayo?"

"Marehemu."

Mdogo wake akaitazama cherehani, karatasi ya dukani bado imening'inia. "Kwa hiyo magauni yote yale ni mguu wako huo?"

"Mguu huuhuu."

"Na mimi nilivyotamba kazini kwamba cherehani yangu ina mkono mzuri!" Akamkumbatia. "Mjinga ni mimi, dada, niliyetuma plagi bila kuuliza habari za ukuta."

Fundi umeme wa jirani akaitwa. Akarudisha umeme, kisha akaipindua cherehani na kusoma maandishi ya chini.

"Hii inakula volti mia na ishirini, ukuta wenu unatoa mia mbili na arobaini. Hata mkiibadilishia plagi, mdomo utaenea lakini tumbo litapasuka."

Akaenda kwake, akarudi na transfoma ya kupunguza umeme begani, kisanduku kidogo kizito kama jiwe la kusagia. Meno matatu yakaingia ukutani, meno mawili ya cherehani yakaingia kwenye kisanduku. Taa ndogo juu ya sindano ikawaka. Mama Vifungo akapiga vigelegele peke yake.

Akaweka kitambaa cheupe, akakanyaga kisigino na vidole, kisigino na vidole, kama alivyozoea. Cherehani ikaruka, ikasimama, ikaruka tena.

"Inanikataa!"

"Sogeza mguu." Mdogo wake akavuta kigoda, akaketi, akaweka mguu wake kwenye pedali. "Wewe shika kitambaa."

Akakanyaga kwa nguvu.

"Polepole, wewe!" dada akafoka, vilevile alivyokuwa akifoka alipokuwa na miaka kumi, na mshono ukaenda umenyooka mpaka mwisho wa pindo.