Asubuhi Kumi na Tisa

Mhandisi aliingia chumba cha pampu Jumatatu asubuhi akiwa amevaa viatu vya kikao, na hapo hapo Robotatu akajua kuna kitu cha kusaini. Mhandisi hakuwa mtu wa kushuka kule chini bure. Chumba kina unyevu, kina kelele, na sakafu yake haina urafiki na viatu vya ngozi.

"Shikamoo, mzee," alisema Robotatu.

"Marahaba. Weka saini hapa chini, niwahi juu."

Akamnyooshea karatasi. Wodi ya wazazi ya hospitali ilikuwa inahama. Miaka yote ilikuwa chini, jirani na jiko na chumba cha kufulia. Sasa inapandishwa ghorofa ya nne, kwenye madirisha mapana na rangi mpya, na Alhamisi wageni wanakuja kukata utepe. Kabla ya utepe ilitakiwa karatasi ya kusema maji yatafika kule juu, yenye saini mbili: ya Mhandisi na ya fundi wa pampu. Ya Mhandisi ilishawekwa, tena kwa mbwembwe, ina mkia mrefu kama kishada.

Juu ya saini kulikuwa na mchoro. Visanduku viwili vimekaa ubavu kwa ubavu. Mstari unaingia kushoto, unagawanyika, unapita kwenye kila kisanduku, unaungana tena na kutokea kulia. Ndani ya kila kisanduku imeandikwa 0.9, maana kila pampu kwa siku kumi huwa inalala moja. Chini yake hesabu: moja ya kumi mara moja ya kumi ni moja ya mia, ndiyo nafasi ya pampu zote mbili kulala siku moja. Kwa hiyo uhakika wa maji ni asilimia tisini na tisa.

Robotatu aliisoma polepole, kama anayesoma barua ya mchumba wa mtu mwingine.

Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, kwa sababu ya shahada yake. Alisoma uhandisi miaka mitatu kati ya minne, wa nne ukamtapika. Alikuwa amebandika karatasi yenye neno MBOVU kwenye lifti ya chuo, lifti nzima kabisa, haina hata mafua. Siku tisa watu walipanda ngazi, pamoja na mwalimu wa somo la uhakika wa mitambo, kifua kinamwenda kama cherehani, na hakuna hata mmoja aliyebonyeza kitufe kujaribu. Kwenye kikao cha nidhamu Robotatu alijitetea kwamba lifti nzima iliangushwa na kipande cha karatasi, na kwamba hayo ni matokeo ya utafiti. Hawakucheka. Tangu hapo karatasi yoyote rasmi alikuwa anaitazama kwa jicho la pembeni. Alijua zinavyotengenezwa.

"Hesabu iko sawa, mzee," alisema. "Mchoro ndio una ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Hapa kuna pampu ngapi?"

"Mbili."

"Zimekaaje?"

"Ubavu kwa ubavu."

"Na mimi nimezichoraje?"

"Ubavu kwa ubavu. Umezipiga picha, mzee. Lakini mchoro huu hauulizi zimekaaje. Unauliza kazi inataka ngapi."

Akaipiga kofi la mapenzi pampu ya kushoto, ile anayoiita Shangazi, inayonuna bila sababu. Ya kulia aliiita Mama Mdogo, anachapa kazi lakini anapata joto upesi.

"Kwa ghorofa za chini, Shangazi akilala, Mama Mdogo anatosha. Sasa fikiria saa moja asubuhi. Jiko wamefungua mabomba, kufulia wamefungua, wodi zote za chini wanadeki. Nani anapandisha maji mpaka ya nne? Tangi la juu lilipasuka, likashushwa, halijarudi. Mmoja peke yake hafiki. Kule wanatakiwa wote wawili, na mmoja akilala, mwenzake yupo ila hayupo. Watu wa namna hiyo unawachora mmoja nyuma ya mwingine, kama pingili za mnyororo. Halafu unazidisha. Pointi tisa mara pointi tisa."

"Pointi themanini na moja," Mhandisi alijikuta amesema, kabla hajaushika mdomo wake.

"Umeona? Katika kila asubuhi mia, asubuhi kumi na tisa wodi ya wazazi haina maji. Sijayaokota njiani haya. Daftari hili hapa, nimeandika kila siku waliyonuna."

Mhandisi alilitazama daftari, halikumvutia.

"Robotatu, wewe ulimaliza chuo?"

"Sikumaliza."

"Mimi nilimaliza."

"Najua, mzee. Shangazi ndiye hajui."

Mhandisi alikunja uso mpaka miwani ikasogea. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Anayeandika nani aendelee ni mimi. Karatasi naiacha hapa. Kesho niikute na wino."

Akaondoka akiruka madimbwi.

Jioni nyumbani, dada yake alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni, miguu ndani ya beseni, sare haijavuliwa. Alikuwa mkunga wa wodi hiyo hiyo, na ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Nasikia umegoma kusaini," alisema kabla mdogo wake hajafunga mlango.

"Habari za hospitali zinakimbia kuliko gari la wagonjwa."

"Mimi nimeshapanga vitanda kule juu. Nimeshachagua na dirisha la kuwekea meza yangu. Sasa wewe na utani wako."

"Dada, safari hii si utani."

"Hata siku ya lifti ulisema si utani."

"Siku ya lifti nilisema ni utafiti."

Dada alimrushia taulo, likampata kichwani. Robotatu akalitundika, akavuta kiti.

"Unakumbuka tulivyohamia hapa, lile kabati la mama? Nililibeba na rafiki yangu. Angeugua siku ile ingekuwaje?"

"Kabati lingelala nje."

"Na mimi nipo mzima."

"Upo mzima, na mdomo wako juu."

"Haya. Mhandisi ametuchora mimi na rafiki yangu tumesimama ubavu kwa ubavu, akasema mmoja akiugua yupo mwingine. Kusimama kweli tulisimama hivyo. Ila kabati lilitaka wawili."

Dada alikuwa anaitazama mikono yake, amegeuza viganja juu, kama mtu aliyeagizwa kitu na hakumbuki nini.

"Asubuhi kumi na tisa kwa mia," alisema.

"Ndiyo."

"Mtoto anatoka, mimi nina damu mpaka viwikoni, nafungua bomba, linanikoholea."

"Ndiyo, dada."

"Na kazi ukiikosa?"

"Nitakula kwako."

"Umekula kwangu miaka kumi na minne, huoni hata aibu." Alitoa mguu mmoja, akaurudisha. "Usisaini. Lakini nisikilize. Nikisikia umefunga koki kwa siri, umechezea swichi, umebandika kikaratasi popote, meno nitakung'oa mwenyewe. Kama una haki, isimame mchana kweupe, kila mtu aione."

Hilo lilikuwa pigo. Ujanja ndio ulikuwa mkono wake wa kulia, na sasa anaambiwa apigane na wa kushoto. Aliosha vyombo akiwa amenuna kama Shangazi. Alipofika kwenye sufuria ya mwisho, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" dada aliuliza kwa ukali.

"Nimeamua kufuata utaratibu."

"Mungu wangu," alisema dada. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Jumanne palikuwa na kikao cha maandalizi ofisini kwa Daktari Mkuu, mama mfupi aliyevaa miwani kwenye paji la uso na asiyependa hotuba. Dada alikuwepo kutoa taarifa ya vitanda. Mhandisi alikuwepo kutoa taarifa ya maji, na alisema tisini na tisa kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mwanawe. Robotatu alibisha hodi, akaingia na fomu mkononi.

Fomu yenyewe ilikuwa ya kawaida, ile ya kibali cha kufungua pampu kwa matengenezo. Bila saini ya Mhandisi huruhusiwi kugusa hata nati. Beringi za Shangazi zilikuwa zimepitisha muda wake wa kubadilishwa, na hilo lilikuwa kweli, lipo kwenye daftari. Muda wa kazi: kesho Jumatano, saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Kwenye nafasi ya kueleza athari kwa watumiaji, Robotatu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: Hakuna. Pampu moja inatosha ghorofa zote, tazama hesabu ya Mhandisi ya Jumatatu.

Mhandisi alisoma, shingo ikaanza kuvimba.

"Saa hizo haiwezekani."

"Kwa nini, mzee?"

"Saa moja watu wanatumia maji sana."

"Lakini moja inatosha."

"Fanya usiku."

"Usiku hata mimi na ndoo tunatosha, mzee. Kule juu bado hakuna mgonjwa, na wa chini hawatakosa maji. Hakuna wa kuumia."

Daktari Mkuu alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, jambo alilofanya mara chache. "Mhandisi, mimi si mtu wa pampu. Moja inatosha au haitoshi?"

Dada alijifanya anahesabu vitanda kwenye karatasi yake. Mhandisi akisema haitoshi, basi ile tisini na tisa aliyotoka kuitangaza imekufa mezani. Akisema inatosha, asaini. Mhandisi alimtazama Robotatu, Robotatu akatazama dari kama anayekagua uvujaji.

"Inatosha," alisema Mhandisi, akasaini, mkia wa saini ukavuka mpaka nje ya fomu. "Na kesho saa moja nitakuwa juu mwenyewe."

Kesho yake saa moja kamili Robotatu alizima Shangazi, akaandika kwenye daftari, akafungua, akatoa beringi zilizochoka. Hakugusa kingine chochote. Jiko lilikuwa linaosha masufuria, kufulia wanajaza mashine, wodi za chini zinadekiwa, kama kila siku ya Mungu. Mama Mdogo alikuwa ananguruma peke yake, sauti imekaza. Robotatu akamwambia, "Pole, mama," akatia beringi moja mfukoni, akapanda ngazi.

Ghorofa ya nne ilinuka rangi. Vitanda bado vilikuwa ndani ya plastiki. Mhandisi alikuwa amekunja mikono ya shati mbele ya sinki jipya, Daktari Mkuu na dada wamesimama nyuma yake. Akafungua bomba. Maji yakatoka.

"Mnaona?" alisema Mhandisi, akalowesha mikono, akachukua sabuni. Aliipaka kwa raha zake, katikati ya vidole, juu mpaka karibu na viwiko, kama anafundisha wakunga.

Robotatu alikuwa analitazama bomba. Bomba refu lina maji yake ya akiba tumboni, na akiba haikai.

Bomba likakohoa. Likatema funda moja, likavuta pumzi, likatoa upepo. Mhandisi akalizungusha mpaka mwisho. Upepo ukaisha, ukabaki ukimya. Akasubiri, mikono imeinuliwa, povu linashuka taratibu kuelekea kwenye saa yake. Wote wakasubiri pamoja naye, hakuna aliyekuwa na haraka.

Dada akasogeza ndoo. Alikuwa ameipandisha mwenyewe kutoka chini, ngazi zote hizo, tena imefunikwa.

"Nawa, Mhandisi," alisema kwa upole. "Mimi nimezoea."

Daktari Mkuu alirudisha miwani juu. "Utepe ukatwe, wageni wale, waondoke. Wazazi wanabaki chini." Akamgeukia Robotatu. "Kinatakiwa nini?"

"Pampu ya tatu, daktari. Wakiwa wazima wawili kati ya watatu, maji yanafika. Inakuja tisini na saba na ushee."

"Si tisini na tisa?"

"Hiyo inapatikana kwenye karatasi tu."

Saa tatu Shangazi alikuwa na beringi mpya na anazunguka bila kulalamika. Mhandisi akashuka, safari hii bila kujali madimbwi, akafunga mlango nyuma yake. Alitoa ile karatasi ya Jumatatu, sasa imekunjwa mara nne.

"Sikiliza, kijana. Faili haliwezi kubaki wazi, kule makao makuu wataniuliza. Wewe saini. Tutasema hesabu ni ya pampu ya tatu ikishafika. Mimi nakuandikia mkataba, mwaka mzima, leo leo. Yameisha."

Robotatu aliichukua kalamu. Aliishika muda mrefu kidogo. Mwaka mzima si kitu cha kupuuza kwa mtu mwenye robo tatu ya shahada. Kisha akafikiria mtu mwingine, siku nyingine, anafungua faili, anaona tisini na tisa na saini mbili, na hakuna anayebonyeza kitufe kujaribu. Akairudisha kalamu kwenye mfuko wa shati la Mhandisi, akaupigapiga.

"Hapana, mzee."

"Basi mwisho wa mwezi unamwaga unga."

"Sawa. Mpaka mwisho wa mwezi fundi ni mimi."

Alhamisi asubuhi, wageni wakiwa wanashuka magarini, Mhandisi alipita chumba cha pampu kuhakikisha ni kisafi, akasimama mlangoni. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa na mchoro, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki ghorofa ya nne. Visanduku viwili, kimoja nyuma ya kingine: SHANGAZI, MAMA MDOGO. Chini yake 0.81, kila tarakimu kubwa kama kiti. Na pembeni kisanduku cha tatu kimechorwa kwa nukta nukta, ndani hakuna jina.

"Futa hiyo."

"Nitafuta siku atakapofika wa tatu," alisema Robotatu, anasafisha brashi. "Nitachora upya, nitaweka tisini na saba, na jina utalichagua wewe."

Mhandisi aliukaribia ukuta. Labda alitaka kuangalia kama rangi ingetoka, labda vidole vyake vya uhandisi viliwashwa tu. Alifuata mstari kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha pili, midomo inahesabu, na alipofika kwenye ile moja ya mwisho ya 0.81 akaigusa. Ilikuwa bado mbichi.

Huko juu wakamwita, wageni wamefika, mkasi uko tayari. Akaenda kuushika na kidole chekundu.