Korongo Lililofunikwa

Kila asubuhi mkamwana aliteremka lamboni kuwachotea ndama maji, na kila asubuhi baba mkwe alifungulia mbuzi huku akiwasema.

"Tokeni, walafi ninyi. Mmelishwa, mmelazwa, bado mnakwenda ofisini kutangaza aibu za watu."

Mbuzi hawakuwahi kwenda ofisini. Mkamwana alijua anasemwa yeye, akaendelea na ndoo. Tangu alipoona tangazo kwenye duka la dawa za mifugo, kwamba serikali inagharamia wakulima na wafugaji wa maeneo makavu kuokoa ardhi zao, na tangu alipofunga safari kwenda ofisi ya ardhi kuomba, mzee hakumsemesha tena. Akiwa na la kumwambia, aliwaambia mbuzi.

Leo hakukuwa na masimango. Zizi lilikuwa limefungwa, mbuzi wanalia ndani, na mzee amekaa juu ya debe, fimbo magotini, ametulia kupita kiasi. Mkamwana alimwamkia, hakuitikiwa, akashuka na ndoo zake. Alipofika kwenye mteremko akasimama ghafla.

Korongo halikuwepo.

Lile korongo lililoanza kama mfereji wa maji ya kufulia, likapanuka mvua kwa mvua hadi likaweza kummeza ng'ombe na pembe zake, sasa lilikuwa limefunikwa kwa matawi mabichi, yamepangwa vizuri na kunyunyiziwa udongo juu. Kwa mbali ungedhani ni kichaka. Kumbe ndiyo maana jana mzee alishinda na panga, akarudi jioni mikono imechubuka.

Mkamwana alitazama ncha ya kile kichaka. Ilibaki kidogo tu ifike kwenye ukingo wa lambo. Mvua moja kubwa, ukingo ungebomoka na maji yote yakaenda zake. Mumewe, dereva wa lori, alikwishasema bila kupepesa macho: "Lambo likienda, na sisi tunakwenda. Tutapanga mjini. Baba akitaka aje, asipotaka abaki na mbuzi wake."

Honi ikalia langoni.

Afisa wa ardhi, aliyeahidi kuja leo kukagua, alikuwa mama mnene mwenye buti za mpira na kofia pana. Alisalimia vizuri. Mzee hakuinuka.

"Mzee wangu, nimekuja kuona korongo."

"Korongo gani?"

"Linalotishia lambo. Limo kwenye ombi."

"Ombi kaandika nani? Mimi?" Mzee alicheka bila furaha. "Wewe mama, mtu ameolewa hapa na sanduku moja, leo ananipimia shamba! Hapa hakuna ugonjwa. Nenda kawape hao waliolala njaa."

Waliteremka wote watatu. Afisa alizunguka kwa mbali, akatazama kichaka, akatazama lambo lililotulia, akafuta jasho.

"Dada," alimwambia mkamwana, na sauti yake haikuwa na urafiki tena, "umeniburuza huku juani nije kuangalia kichaka? Kuna watu mashamba yao yamebaki mawe matupu, wananisubiri. Nikiondoka hapa sirudi msimu huu. Korongo liko wapi?"

Mkamwana alifungua kinywa. Mzee alimkazia macho. Angesemaje? Baba mkwe wangu ni mwongo? Mbele ya mgeni, mchana kweupe? Alifumba tena kinywa.

"Bubu huyo," mzee alisema. "Ofisini ndiko anakojua kusema."

Mkamwana aliweka ndoo chini. Akageuka, akapanda mteremko haraka haraka, kanga ikimtoka begani, hadi zizini. Akavuta komeo.

Mbuzi walitoka kama maji. Msimu mzima walikuwa wakitafuna vijiti vikavu, na sasa harufu ya majani mabichi iliwafikia. Hawakumwangalia mtu.

"Rudisha hao!" mzee alipiga kelele. "Hoi! Hoi! Tokeni hapo, mashetani!"

Alirusha fimbo, akarusha kiatu. Mbuzi walikula. Walivuta matawi huku na huku, wakapigana pembe, na kila tawi lililoondoka liliacha giza la shimo. Beberu mkubwa alikanyaga katikati, kichaka kikamwachia, akatumbukia ndani mzimamzima, kisha kikasikika kilio chake kutoka chini, kimejaa malalamiko.

Afisa alisogea ukingoni, akachungulia.

"Aa," alisema. "Kumbe liko nyumbani."

Mzee alimgeukia mkamwana, na kwa mara ya kwanza tangu aende ofisini akasema naye uso kwa uso.

"Umefurahi? Umenivua nguo mbele ya serikali! Si ndicho mlichotaka, mpate sababu ya kuondoka? Haya, sema! Leo sema!"

"Sitaki kuondoka!" Sauti ilimtoka kubwa hadi yeye mwenyewe akashtuka. "Mwanao ndiye anataka, lambo likibomoka. Mimi nilikwenda kuomba ili tubaki, baba. Tubaki na wewe."

Beberu aliendelea kulalamika shimoni. Afisa alitoa futi kamba, akapima upana, akapima umbali hadi kwenye ukingo, akakunja uso.

"Tunaweza kuweka mawe kwenye nyavu za waya, uzio na mbegu za nyasi," alisema. "Lakini mbuzi hawatakanyaga hapa mpaka nyasi zishike. Na mwenye shamba ndiye anayeomba, kwa kinywa chake. Siyo mkwe."

"Mbuzi wangu wasikanyage shamba langu?" mzee alifoka.

"Ndiyo hivyo. Kama hutaki, niambie niende."

Mzee alitazama gari kule langoni. Akatazama mbuzi. "Mnasikia?" aliwaambia. "Mnasikia mambo haya? Basi waambieni hawa watu kwamba..."

"Mzee, mimi siandiki maombi ya mbuzi," afisa alimkata.

Mzee aliokota kiatu chake, akakikung'uta vumbi, hakukivaa. Kisha akawapa mbuzi mgongo, akamtazama mkamwana.

"Shamba limenishinda, mwanangu," alisema. "Naomba wanisaidie. Na ninyi msiniache peke yangu."