Kanga za Mlango wa Bi Harusi

Abdulghani alimbeba mkewe mgongoni mchana kweupe, kutoka kwao hadi nyumbani kwa shemeji yake Sabiha, na mtaa wa Makorora mzima ukatazama. Makubwa haya, mwanamume kambeba mke! Watoto wakacheka, na Hasina, kidevu kakiegemeza begani kwa mumewe, akacheka nao. Miguu yake ilikwisha kufa ganzi zamani. Mikono iliyowapamba hina maharusi wa mtaa mzima, sasa haiwezi hata kufukuza nzi. Ulimi nao ulianza kuwa mzito. Daktari alikwisha sema: maradhi haya ya misuli hayana dawa, yanakwenda mbele tu.

Lakini leo Suhaila, binti wa Sabiha, dada yake Hasina, anapakwa hina, na Hasina alikuwa ameapa kuwapo. Wanafunzi wake watachora, yeye atasimamia kwa macho na mdomo.

Mlango wa chumba ulitundikwa kanga mbili. Chumba cha bi harusi haingii mwanamume, awe nani. Wanawake wakatoka kumpokea Hasina, huyu kashika kwapa, yule kiuno.

"Kichwa! Mshikeni kichwa," Abdulghani akasema. "Na vinywaji vyepesi msimpe, vinampalia. Uji wake mzito huu hapa, kijiko kimoja kimoja."

"Tumesikia, shemeji. Kaa barazani," Sabiha akajibu.

Akakaa. Aliacha kibarua cha kupakua mizigo mpakani Horohoro ili awe mikono na miguu ya mkewe. Akamwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Leo hana kazi, na mikono inamwasha. Ndani vilipigwa vigelegele, kisha ikasikika sauti ya Hasina ikikokota maneno: "Ua hilo... limevimba kama andazi. Futa!" Wanawake wakaangua kicheko. Abdulghani hakukumbuka lini alimsikia mkewe akimkaripia mtu. Nyumbani husema ahsante tu, ahsante, ahsante, na neno hilo lilikuwa likimuuma mumewe kuliko mgongo.

Zikalia bilauri. Halafu kikohozi.

Kabla hajajijua, Abdulghani kafika penye kanga. Kikohozi kilizidi, kikakatika, kikawa mluzi mwembamba wa mtu anayetafuta pumzi.

"Mwinamisheni mbele! Msimlaze!" akapaza sauti.

Mkono wake ulishika kanga. Nyuma ya kanga hiyo walikuwa wake za watu, vichwa wazi, na mwali nusu uchi. Hakuingia, wala hakurudi nyuma. Ya Rabi, nifanyeje? Akalia palepale mlangoni, mtu mzima na ndevu zake.

Mluzi ukakatika, pumzi ikarudi. Kisha sauti, imekwaruzika:

"Mume wangu."

"Naam. Niko hapa."

"Rudi barazani."

"Wamekupa sharubati, Hasina! Nimewaambia, wamekupa!"

"Nimeitaka... mwenyewe." Akavuta pumzi. "Ya ukwaju. Tamu! Nikipaliwa, acha nipaliwe na wenzangu. Nenda, bwana."

Hasira zilimpanda, zikakosa pa kwenda. Angemwambia nini? Kwamba anaogopa? Hilo mkewe alilijua. Aliiachia kanga, akarudi barazani, akaikalia mikono yake.

Ndani wakaanza kuimba upya. Katikati ya wimbo ikapenya sauti ya Hasina, fupi, ya kukatika, na Abdulghani asijue ni kicheko au ni kikohozi. Akanyanyuka nusu. Akabaki vivyo hivyo, hajaketi wala hajasimama, akisikiliza.